Mizani ya Paka

Siku Paka alipoanguka, hakuanguka nje kama mafundi wengine wa paa. Alianguka ndani. Alikuwa anakagua dari ya nyumba ya mteja, akakanyaga pasipo na mbao, na dari ikamwachia. Akashuka sebuleni bila hodi, vumbi likimsindikiza, akakaa wima kwenye kochi, ubavuni mwa mama mwenye nyumba aliyekuwa anakunywa chai.

Mama yule alikuwa mtu wa adabu. Alimtazama, akapuliza vumbi lililotua kwenye kikombe chake, akasema, "Karibu."

"Asante, mama," Paka akajibu. "Nimeshakaribia."

Hakuumia popote isipokuwa jina. Walimwita Paka kwa sababu kwa miaka mingi alitembea juu ya bati bila bati lenyewe kujua. Lakini ndoa ilimkubali, mkewe alikuwa na mkono mzuri wa kupika, na mwaka hadi mwaka Paka alinenepa pole pole, kama mkate unaoumuka, bila siku yoyote ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole na kusema ni hii.

Kesho yake msimamizi aliwakusanya mafundi wote kazini. Alikuwa mzee mkavu, mrefu, ambaye maneno aliyatoa moja moja kama misumari kutoka mdomoni.

"Mimi sina daktari," alisema. "Nina saruji. Mfuko ni kilo hamsini. Anayepanda kwenye paa langu lazima awe mwepesi kuliko mifuko miwili. Leteni kamba."

Kamba ilipitishwa kwenye kapi lililoning'inia juu ya jengo. Upande mmoja walifunga mifuko miwili ya saruji, wakaivuta hadi juu kabisa. Upande wa pili walifunga kitanzi, na Paka akaambiwa akikalie. Hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa asiyesoma: mtu akiwa mwepesi, saruji itashuka na yeye atapanda. Akiwa mzito, atabaki alipo.

Paka alikalia kitanzi. Wakaiachia kamba. Mifuko ikabaki kule juu, imetulia, inamtazama kama kuku wawili waliolala mtini.

"Haya," alisema msimamizi. "Mvua ikikatika tunaanza paa la ukumbi wa shule. Siku hiyo tutafunga kamba tena. Ukipanda, uongozi wa paa ni wako kama zamani. Usipopanda, ni wa shemeji yako, na habari hii sitaki kuisikia tena maisha yangu yote."

Shemeji aliyetajwa alikuwa ndugu wa mwisho wa mke wa Paka. Ni Paka aliyemfundisha kushika nyundo, tena kwa kumbembeleza, kwa sababu alikuwa mvivu. Sasa mvivu huyo alikuwa juu, amekalia boriti huku miguu inaning'inia, na mwalimu wake yuko chini anamrushia misumari.

"Shemeji!" aliita siku ya kwanza. "Hebu nirushie kopo la misumari mirefu. Taratibu, usije ukatoboa ardhi."

Mafundi wote walicheka. Paka naye alicheka, maana utani wa shemeji haukasirikiwi. Lakini jioni alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Ndugu yako yule, nitamshusha kwa masikio."

"Kwanza upande," mkewe alisema. "Huwezi kumshusha mtu ukiwa chini yake."

Mkewe ndiye aliyesema wanunue mizani. Alikuwa msusi, mwenye chumba chake cha kusukia mtaani, na kwa kazi hiyo alikuwa amezoea kuwaambia watu ukweli huku wamegeukia upande mwingine.

"Mtu anayekwenda kwenye mtihani hujipima kwanza," alisema.

"Mimi najijua."

"Hata siku ile ulijijua. Ukaishia kwenye kochi la watu."

Basi wakaenda duka la vyombo vya nyumbani. Mizani zilipangwa sakafuni, kati ya ndoo na mifagio, na muuzaji alikuwa dada mmoja mwenye upole wa mtu aliyeshuhudia wateja wengi wakivigombeza vitu visivyo na makosa.

"Mnatafuta mizani ya nani?" aliuliza.

"Ya nyumbani," akasema Paka.

"Ya mume wangu," akasema mkewe.

Zilikuwepo aina tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kioo, nyembamba, yenye namba zinazowaka. Paka alipanda. Namba zikarukaruka, zikatulia kwenye mia na kumi na moja.

"Hii mbovu."

"Ndiyo kwanza imetoka kwenye boksi, kaka. Vua viatu, ujaribu tena."

Akavua, akapanda. Mia na tisa.

"Si nimekwambia? Haijui hata inachosema. Sasa hivi ilisema mia na kumi na moja."

"Ilikuwa inakupima wewe na viatu."

"Sasa mbona haikusema kwamba kuna viatu?"

Muuzaji akamwonyesha ya pili, ya nguzo, yenye vyuma vya kusogeza kama ile ya zahanati. Paka aliipenda kwa sababu ilikuwa na heshima. Mkewe aliizunguka mara moja tu.

"Tumekuja kununua mizani, si kufungua hospitali. Hii ikiingia bafuni, wewe utaogea barazani."

Ya tatu ilikuwa nyekundu, ya mshale, ya kawaida kabisa. Paka alipanda. Mshale ukapiga mbio, ukachoka, ukasimama kwenye mia na sita. Uso wa Paka ukafunguka kama dirisha.

"Hii ina akili," alisema.

"Hii ina huruma," alisema mkewe. "Tuchukue ya kioo."

"Ya kioo inabahatisha. Mshale unauona kwa macho yako unavyotoka hapa na kwenda pale. Huo ni ushahidi."

"Ushahidi wa kilo tatu zilizopotea kati ya hapa na hapa? Dada, ipi inasema kweli?"

"Zote ni nzuri," alisema muuzaji kwa uangalifu. "Inategemea mtu anataka kuishi na ipi."

Hapo Paka akanyanyua kidole. Alikuwa na wazo, na mkewe alimfahamu vya kutosha kuanza kujuta mapema. Alitoka, akaingia duka jirani la vifaa vya ujenzi alikojulikana kwa miaka mingi, akarudi na mfuko wa saruji begani.

"Huyu hapa hakimu," alisema. "Kilo hamsini, imeandikwa na kiwanda. Mizani itakayosema hamsini, hiyo naondoka nayo."

"Kaka, hicho ni kioo!" muuzaji alipiga kelele.

"Kilichonibeba mimi kitashindwa na mfuko?"

Akautua. Ile ya kioo ikasema hamsini, bila kigugumizi. Paka akaitazama kwa jicho baya, akahamishia mfuko kwenye ile nyekundu. Mshale ukapiga mbio, ukasimama kwenye arobaini na saba.

Vumbi la saruji likashuka taratibu juu ya mifagio.

"Hiyo inarekebishwa," alisema muuzaji, akiwa na hamu kubwa mfuko ule utoke dukani kwake. Akainama, akazungusha kigurudumu kidogo kilichojificha pembeni mwa mizani nyekundu, mshale ukajisogeza hadi hamsini kamili. "Haya, sasa ni sawa na mwenzake."

Paka alishusha mfuko, akapanda mwenyewe. Mia na tisa.

"Umeshaiharibu," alisema.

Mkewe alilazimika kushika rafu kwa kicheko. Lakini Paka alikuwa mtu wa neno lake, na hakimu alikuwa amemleta mwenyewe begani. Alichukua ile nyekundu. Muuzaji akaifunga kwenye karatasi, akasema kama anavyowaambia wote, "Muiweke mahali tambarare, pasiwe na mwinamo."

"Dada," alisema Paka, "unamfundisha fundi?"

Sasa hapa ni lazima niseme habari ya lile bafu.

Nyumba hiyo Paka aliijenga kwa mikono yake, isipokuwa sakafu ya bafu, ambayo mwanzoni aliwapa wenye kazi yao. Waliimwaga sawasawa, tambarare kama meza, na maji yakawa yanasimama. Paka alivumilia mwezi mmoja. Kisha akaivunja na kuimwaga upya mwenyewe, na kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa paa, aliimwaga kama paa. Ilianza mlangoni ikiwa sawa kidogo, halafu ikateremka, ikazidi kuteremka hadi kwenye tundu la maji kwenye kona. Sabuni ikidondoka ilikwenda yenyewe. Wageni walioingia kuoga walitoka wameshika ukuta. Paka aliwasubiri nje na kuwauliza, "Mmeona maji yanavyokimbia?"

Mizani aliiweka palipokuwa na nafasi, yaani kwenye kona, karibu na tundu. Mkewe alisema ikae chumbani. Paka akamwonyesha boksi. "Imeandikwa ya bafuni."

Asubuhi ya kwanza alijifungia, akapanda. Mizani nayo imeinama upande mmoja, mshale ukapanda nusu nusu, ukasimama kwenye mia na tano.

Alitoka amefunga taulo, mikono juu. "Kilo nne! Kilo nne kwa usiku mmoja!"

"Ulifanya nini?"

"Jana sikumalizia wali."

"Vijiko viwili vile?"

"Inategemea na mwili wa mtu," alisema Paka, na tangu siku hiyo akawa anatoa ushauri. Aliwaambia majirani wapunguze vijiko viwili. Akamwambia mchanganya zege wa kazini kwao, jamaa mmoja mnene waliyemwita Zege, kwamba mwili ni kama bati, ukiujua namna ya kuushika haukusumbui. Alikula kwa kiasi siku mbili, kisha akajipongeza kwa nyama siku ya tatu, na mshale, ambao haukumdanganya mtu ila uliwekwa mahali pa uongo, uliendelea kumpendeza. Mia na nne. Mia na tatu na kitu.

Mkewe ndiye aliyegundua, tena kwa ufagio. Siku moja alikuwa anasafisha bafu, akaisogeza mizani hadi mlangoni ili apate kupiga deki kwenye kona. Akasema ajipime naye. Akapanda, akaona, akanuna. Alipomaliza kusafisha akairudisha kwenye kona, akapanda tena kwa uchungu tu. Mizani ikampunguzia kilo tatu.

Alishuka. Akaitazama sakafu. Akaibeba tena hadi mlangoni, akapanda. Zile tatu zimerudi. Akaibeba hadi konani. Zimeondoka. Hapo aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajiziba mdomo kwa taulo na kucheka mpaka machozi yakamtoka.

Alipomaliza kucheka alifikiri. Angemwambia? Alimkumbuka siku ile alivyoletwa nyumbani na vumbi la dari kwenye nyusi, anacheka, na jinsi yeye mwenyewe alivyocheka naye, halafu akaenda jikoni kusimama peke yake huku ameshikilia meza. Kochi lilikuwa bahati. Ukumbi wa shule hauna kochi. Kama mizani ingeendelea kumdanganya, mvua zingekatika, angekalia kitanzi akiwa na uhakika wake wote, na saruji ingebaki juu. Mume wake angebaki chini, mzima, kwa maisha yake yote. Wala hakuna mkono wa mtu ndani yake. Sakafu alimwaga mwenyewe.

Basi akanyamaza. Sidhani kama ilikuwa vibaya. Watu wengi hunyamazia mambo mabaya zaidi kwa sababu ndogo zaidi.

Lakini Ijumaa moja ndugu yake alikuja kula. Alikula kama mtu anayelipwa, huku Paka akiwa na nusu sahani mbele yake, kijiko kinatembea polepole ili chakula kisiishe mapema.

"Shemeji," alisema yule kijana, mdomo umejaa, "nimefikiria. Nikishakuwa mkubwa wa paa, nitakuombea kwa mzee upewe kiti. Ukae pale chini kivulini, uwe unatuhesabia mabati. Kazi ya heshima. Hata wazee wanaifanya."

Paka alitabasamu. "Asante, shemeji."

"Na dada apumzike. Maana kila ukipanda ngazi anasali."

"Nani kakwambia nasali?" dada yake aliuliza.

"Mimi nakujua. Mwache akae chini. Si kila mtu wa kupanda. Juu kuna wenyewe."

Paka alisogeza sahani, akasema anakwenda kunyoosha mgongo. Mkewe alimwona kwa dirisha. Alikuwa amesimama uani, shingo ameinua, anaangalia mapaa ya majirani moja baada ya jingine, midomo ikichezacheza. Mkewe alijua anachofanya. Alikuwa anahesabu misumari iliyolegea. Alifanya hivyo zamani walipokuwa wachumba, na yeye alidhani anamtungia maneno matamu.

"Mdogo wangu," alisema taratibu, akimgeukia ndugu yake. "Umeshiba?"

"Bado, dada."

"Umeshiba," alisema, akaiondoa sahani.

Kesho yake asubuhi, kabla Paka hajaamka, aliingia bafuni na kuisogeza mizani. Hakuisogeza sana. Kiganja kimoja tu, kutoka kwenye tundu kuelekea mlangoni.

Paka alipanda. Mia na tatu na nusu. Jana ilikuwa mia na tatu.

"Nimeongezeka!" sauti ilitoka bafuni kama ya mtu aliyeibiwa.

"Labda ni ile chai ya sukari," mkewe alijibu kutoka jikoni.

Chai ya sukari ikafa siku hiyo. Mshale ukashuka kidogo, Paka akapumua, na baada ya siku chache kiganja kingine. Mia na nne. Nyama ya katikati ya wiki nayo ikazikwa. Akaacha kupanda basi, akawa anakwenda kazini kwa miguu. Akaacha kumshauri Zege. Kila alipoupunguza mwili, mizani ilipandishwa mteremko, na mtu aliyekuwa anapungua kweli kweli alijiona amesimama palepale, kama anayepanda ngazi inayoshuka.

"Mke wangu," alisema asubuhi moja, kwa unyonge, "mizani hii inanichukia."

"Ipime kwa saruji tena."

Akaipima. Alileta mfuko wa kilo hamsini kutoka kazini, akaupandisha pale mizani ilipokuwa wakati ule, karibu na mlango. Mshale ukasema arobaini na tisa na kitu.

"Inanionea huruma hata sasa," alisema Paka kwa mshangao. "Kumbe mimi ni mzito zaidi." Siku hiyo alirudi kazini kwa kukimbia.

Mkewe alikuwa anamtazama tu. Suruali zilianza kumpwaya, akawa anazifunga kwa mkanda hadi tundu la mwisho. Usingizini hakukoroma tena. Siku moja alimwona akishuka kwenye ngazi ya jirani, ambako alikwenda kugongea msumari uliolegea, na akagundua kwamba yeye mwenyewe amesimama mlangoni muda wote bila kushika kitu. Siku hiyo ndipo alipoifikisha mizani mlangoni kabisa, palipokuwa sawa, akaiacha hapo. Paka hakuwahi kuuliza kwa nini mizani inatembea. Nadhani mtu anayetazama mshale hatazami chini ya mshale.

Mvua zikakatika.

Asubuhi ya siku yenyewe mshale ulisimama kwenye mia, ukitetemeka, haujui uangukie upande gani. Paka alioga, akavaa, akaenda. Mkewe alifunga chumba chake cha kusukia, akamfuata.

Ukumbi wa shule ulikuwa umesimama mifupa mitupu, kuta ndefu na kenchi za mbao juu yake, bila bati hata moja. Kapi lilikuwa limefungwa kwenye kenchi ya katikati. Mifuko miwili ilishavutwa juu. Shemeji alikuwa amekaa ubavuni mwa kapi, mguu huku na mguu huku, kama mpanda farasi.

"Karibu, shemeji!" aliita. "Tumekuandalia usafiri!"

Paka alikalia kitanzi. Msimamizi akainua mkono. Wakaiachia kamba.

Kamba ikalia. Mifuko ikatikisika. Paka akajihisi mwepesi, visigino vikanyanyuka, vidole vya miguu vikabaki vinagusa. Hapo akasimama. Hapandi, hakai.

"Hajapanda," alisema shemeji kutoka juu. "Mzee, hajapanda!"

"Naona," alisema msimamizi.

Paka aliwaza kwa kasi. Bafuni alikuwa anajipima kama alivyozaliwa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa konzi ya misumari, akaitupa chini. Mfuko wa pili, konzi nyingine, maana fundi hata harusini huenda na misumari. Kisigino kikapanda kidogo.

"Anadanganya!" shemeji alipiga kelele. "Anapunguza mzigo!"

Msimamizi alifikiri. Kila mtu alingoja. "Nilisema mtu," alisema hatimaye. "Sikusema mtu na duka lake."

Paka akatupa nyundo iliyokuwa kiunoni. Akavua kiatu kimoja kwa kutumia kingine, vile viatu vizito vya wafanyakazi wa chini, kisha cha pili. Akavua shati akamrushia mkewe. Mafundi wakaanza kupiga makofi. Mkono wake ukaenda kwenye mkanda.

"Suruali ibaki!" mkewe akapaza sauti.

"Ni mkanda tu, una chuma kikubwa!"

Mkanda ukaanguka. Kwa muda hakukutokea kitu. Halafu mifuko miwili ya saruji ikaanza kushuka, polepole kama wazee wanaoteremka ngazi, na Paka, peku, kifua wazi, mkono mmoja kwenye kamba na mwingine kwenye suruali, akaanza kupanda.

Kelele zilizopigwa pale zilitoa watoto madarasani. Mifuko na Paka wakapishana katikati, na wapo walioapa kwamba aliisalimia. Akapita madirisha, akapita ukuta, akafika kwenye kenchi, mifuko nayo ikagusa ardhi kwa kishindo laini.

Sasa, Zege alikuwa amefanya kazi ile miaka mingi. Maishani mwake saruji ikifika mbele yake, yeye huifungua, wala haulizi imetoka wapi. Aliinama, akachomoa ndoano iliyoshika mifuko kwenye kamba.

"Usifungue!" msimamizi alipiga kelele, lakini maneno yake yalizoea kutoka moja moja.

Kamba ikapita kwenye kapi kama nyoka. Paka akaiona inakwenda. Akajirusha, akaikamata kenchi kwa kiwiko, kiwiko kikateleza, na shemeji, ambaye angeongoza paa maisha yake yote kwa kukaa tu alivyokaa, akalala kifudifudi juu ya mbao na kumnyaka.

Alichonyaka ni suruali.

"Siyo suruali!" Paka akahema. "Imenipwaya! Shika mkono!"

"Mkono uko wapi?"

"Huku! Huku, mjinga wewe!"

Akaupata mkono. Akavuta, mishipa ya shingo imesimama, na pole pole Paka akaja juu ya mbao, tumbo kwanza, kisha magoti, kisha vyote. Wakakaa wameelekeana, wanahema.

Chini, mkewe alikuwa ameketi juu ya mifuko ya saruji, shati la mumewe kifuani. Alitaka kupiga kelele, lakini hakujua ampigie nani. Zege alikuwa bado ameshika ndoano, analia.

"Umepungua kweli, shemeji," yule kijana alisema alipopata pumzi. "Kabla ya mvua ningekuachia uende zako. Mkono wangu naupenda."

"Kabla ya mvua nisingefika huku."

"Hilo nalo kweli."

Paka alifunga suruali kwa kipande cha kamba. Akasimama juu ya kenchi, peku, mikono ameinyoosha kidogo pembeni, akatembea hatua chache kwenda na kurudi. Kisha akasimama mbele ya shemeji wake.

"Sogea," alisema.

Kijana akamtazama, akatazama chini kwa msimamizi. Msimamizi akatikisa kichwa mara moja, kukubali. Kijana akasogea hadi boriti ya pili, akinung'unika.

"Na hapo ulipokaa usitoke," Paka akaongeza, akiketi mahali pake. "Nikiteleza tena, nataka uwe karibu."

"Dada!" shemeji aliita chini. "Umesikia mumeo anavyoniomba?"

"Nimesikia," mkewe alijibu. Alisimama, akakung'uta saruji kwenye nguo, akaliinua lile shati juu. "Mshushieni kamba achukue nguo yake. Na Zege akae mbali!"